Tangi la Mirihi

Niliwaita wezi watu ambao hawakuiba kitu, na nikawafukuza mbele ya wenzao. Yalitokea ndani ya gemu, lakini watu walikuwa wa kweli, na aibu niliyowatia ilikuwa ya kweli.

Gemu nililitengeneza hapa Maskati, usiku baada ya kazi. Ni la kuandikiana mtandaoni kwa Kiswahili: huyu fundi, yule daktari, mwingine rubani, na wote wanaishi katika koloni moja kwenye sayari ya Mirihi. Wachezaji walitoka papa hapa Seeb na Ruwi, Unguja, Mombasa, wengine Uingereza. Roho ya gemu ni tangi moja la maji. Humo ndimo yanamotoka ya kunywa na ya kumwagilia bustani, na mengine hupasuliwa kwa umeme yatoe oksijeni. Anayechota kupita kiasi anawanyima wenzake pumzi.

Seva iliandika kila lita na jina la aliyeichota. Daftari hilo nililiona mimi peke yangu. Wachezaji waliona kiasi kilichobaki tu. Nilidhani siri itanogesha mchezo. Tena nilikuwa nimesoma makala ya Garrett Hardin ya mwaka 1968, isemayo kwamba mali ya wote humalizwa na tamaa ya kila mmoja, nikaimeza nzima. Basi maji yalipoanza kushuka kwa kasi sikuuliza mtu. Nilifungua daftari langu, nikaona kikundi cha Mombasa kinachota sana usiku, nikafunga akaunti zao na kubandika tangazo kwenye ukumbi wa koloni: wezi wa maji wameondolewa.

Hewa ikazidi kupungua. Ndipo daktari wa koloni, mchezaji wa Unguja, aliponiandikia: "Kaka, wale ndio waliokuwa wakimwagilia bustani. Wanachota usiku kwa sababu mchana wako kazini. Sasa nani atamwagilia?" Mimea ile ndiyo iliyokuwa ikitupa sehemu kubwa ya oksijeni. Zamu hizo walishapatana wenyewe, tena kwa maandishi, ndani ya gemu. Mimi mwenye gemu sikuyasoma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimekulia Oman. Ami yangu ana shamba Nizwa linalonyweshwa na mfereji wa kale, Falaj Daris, moja ya falaji tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilipomsimulia mambo ya tangi, aliniuliza: "Mwanangu, na kila mtu anaijuaje zamu ya mwenziwe?"

Sikuwa na jibu. Maji ya falaji hugawiwa kwa muda. Kipimo chake huitwa athari, na athari moja ni kama nusu saa. Katika vijiji vingi muda huo ulipimwa mchana kwa kivuli cha nguzo iliyosimikwa mahali pa wazi, na usiku kwa nyota. Mpita njia yeyote aliona kivuli kimefika wapi na maji yanaingia shamba la nani. Ya kunywa hutangulia, hufuata ya msikiti na ya kuogea, ndipo mashamba yapate. Na baadhi ya zamu hunadiwa ili ipatikane pesa ya kuutengeneza mfereji. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, aliyaona mambo ya namna hii kwenye mifereji ya Hispania na Ufilipino: wanaotumia maji pamoja wakijitungia kanuni na kuzilinda wenyewe. Wachezaji wangu walikuwa wameshaanza kufanya hivyo. Mimi nikakificha kivuli, kisha nikawahukumu kwa kile nilichowazuia wasionyeshane.

Akaunti nimezifungua. Daftari sasa liko ukumbini, kila jina na lita zake, na vya kwanza kupata maji ni vyumba vya wagonjwa. Msamaha nimeuomba mahali palepale nilipobandika tangazo la wizi, nikiwataja kwa majina yao ya gemu. Wengine wamerudi. Mkulima wao mkuu hajanijibu, na sina haki ya kumdai jibu.