Mwalimu na Mimi Kwenda Lourdes

Watoto walipotuuliza tunataka nini kwa jubilei ya ndoa yetu, mume wangu alijibu kabla sijafungua mdomo: kuhiji Lourdes, Ufaransa. Mtaa mzima wa Miembeni humwita Mwalimu, hata mimi. Nilipomwuliza tutawezaje bila kujua Kifaransa, hoja yake ilikuwa kwamba Askofu Jean-Joseph Hirth na wenzake, wamisionari Wafaransa, walifika Kashozi huku kwetu mwaka 1892 wakitokea Buganda, Kihaya hawakijui, na mambo yakaenda. "Sisi tutashindwaje?" Nikamkumbusha kwamba wao walikuja kukaa.

Mwalimu amefundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Mimi nauza vitenge sokoni Bukoba. Kiingereza changu kinaishia kwenye bei.

Tulipitia Addis Ababa, tukashuka Paris. Kwenye stesheni ya Montparnasse, ambako treni za kusini-magharibi zinaanzia, Mwalimu alimsimamisha bwana mmoja akamwuliza kwa Kiingereza safi treni ya Lourdes iko wapi. Yule bwana akapandisha mabega, akaenda zake. Wa pili, vilevile. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku nikiwaangalia watu kwenye kibanda cha mikate. Hakuna aliyeagiza kitu kabla ya kumsalimu muuzaji, hata wenye haraka. Kwetu pia, mtu akikurukia na swali bila salamu utajiuliza amelelewa na nani.

Nikamfuata mama mmoja wa makamo, nikainama kidogo, nikatoa ile "bonjour, madame" niliyofundishwa na mjukuu, nikanyoosha tiketi. Akaisoma, akanionyesha ubao mkubwa wa juu, kisha saa yake ya mkononi, kisha kiganja: subiri. Kumbe namba ya jukwaa haitangazwi mpaka karibu na kuondoka. Ilipotokea, mama yule mwenyewe alitupungia mkono. Tulitembea haraka, maana milango hufungwa dakika mbili kabla ya treni kuondoka, na haimsubiri mtu.

Mpaka Bordeaux treni hiyo hufikia kilomita 320 kwa saa. Zaidi ya hapo sina la kusimulia, nililala.

Lourdes shida ilikuwa chakula. Migahawa mingi hupika mchana kuanzia saa sita hadi saa nane, halafu jiko linafungwa mpaka jioni. Sisi tulikuwa tunatoka kusali saa tisa. Kilichobaki ni mkate na jibini, kesho yake mkate na jibini. Mhaya aliyezoea ndizi kila siku ukimlisha hivyo, tumbo linagoma. Mwalimu akafunga choo. Alikaa kimya kwanza, kama wanaume walivyo, halafu akaniambia usiku kwa kunong'ona, utadhani hotelini kuna mtu anayejua Kiswahili.

Maduka ya dawa kule yana msalaba wa kijani mlangoni, huyakosi. Dawa ziko nyuma ya kaunta, lazima useme unaumwa nini. Mwalimu alikuwa ameandaa sentensi ndefu ya Kiingereza. Mfamasia, binti mdogo tu, akatikisa kichwa. Nikamsogeza mzee pembeni. Nikasalimu. Nikatoa kipande cha mkate mkobani, nikakionyesha, nikamgusa mume wangu tumboni, kisha nikakunja ngumi nikaikaza. Binti akaangalia ngumi, akamwangalia Mwalimu, akaziba mdomo kwa kicheko. Akaleta pakiti za unga wa kukoroga, akaandika namba 2 kwenye boksi na kuchora jua na mwezi. Mwalimu hakunisemesha mpaka kesho yake adhuhuri, dawa ilipofanya kazi.

Kuanzia hapo nikawa msemaji wa familia. Alizoea, tena haraka kuliko nilivyotarajia.

Maandamano ya mishumaa huanza saa tatu usiku, na mwezi wa sita jua la huko halijazama saa hiyo. Mwalimu akauliza mshumaa wa nini mchana kweupe. Wagonjwa kwenye viti vya magurudumu hutangulia, rozari ikisaliwa kwa lugha mbalimbali kwa kupokezana. Hapo hatukumhitaji mkalimani. Kila tendo tuliitikia kwa Kiswahili na hatukuachwa nyuma.

Anayekusudia kwenda na mwenzake aanze na karatasi. Maombi ya viza hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Alama za vidole hutolewa Dar es Salaam, na kutoka Bukoba kwa basi hiyo ni zaidi ya kilomita 1,300. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ndoa haina punguzo: kila mmoja analipa yake.