Anayekubali Yuko Nyumbani

Katika kliniki yetu ya meno hapa Mwembesongo, Morogoro, karibu kila mzazi ninayemweleza kuhusu kufunga waya huitikia. "Sawa daktari, tumeelewa, tutakuja." Wengi hawaji. Wenzangu wa fani hii hulimaliza jambo hilo kwa kusema watu hawana fedha. Sikubaliani nao. Mama anayeuza mboga Soko la Chifu Kingalu anasomesha watoto na anapandisha nyumba ya matofali mwaka hadi mwaka. Fedha zinapita mikononi mwake, ila haziji kwa mkupuo, na si yeye peke yake anayeamua ziende wapi.

Hapa ni Uluguruni. Mji umechanganyika, lakini katika familia nyingi za Kiluguru ukoo bado unafuata upande wa mama, na mjomba ana kauli juu ya mtoto hata kama ada ya shule inatoka kwa baba. Mama akitoka kwangu inambidi amweleze kaka yake aliyeko Matombo, kwa simu, jambo ambalo yeye mwenyewe amelisikia mara moja tu. Kinachofika kule ni hiki: daktari anataka kumng'oa mtoto meno manne mazima. Mjomba anakataa. Kwa maelezo hayo, hata mimi ningekataa.

Ndiyo maana siombi jibu siku ya kwanza. Namuuliza mama ni nani nyumbani anayepaswa kulisikia jambo hili, kisha tunampiga mtoto picha za meno kwa simu ya mama mwenyewe, na ninarekodi ujumbe mfupi wa sauti wa WhatsApp. Naanza na "Shikamoo mjomba." Namweleza kwamba chonge za mtoto zimekosa nafasi ndiyo maana zimepanda juu ya ufizi, na kwamba tukitoa magego madogo, moja kila upande, juu na chini, zitapata pa kushukia. Namwambia waya utakaa mdomoni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mtoto atakuja kukazwa kila baada ya wiki nne hadi sita, na siku za mwanzo atalalamika maumivu. Natamka bei yote, mwanzo hadi mwisho, maana bei inayotajwa nusunusu ndiyo inayovunja imani. Wajomba hujibu. Wanauliza maswali magumu na mazuri kuliko wazazi walioketi mbele yangu, kwa sababu hawaoni haya ya kumhoji daktari.

Bibi naye ana nafasi yake. Tangu miaka ya 1980 nchini mwetu imeenea imani ya meno ya plastiki, wengine wakiyaita ya nailoni: mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, ufizi ukionekana umevimba mahali pa chonge, anapelekwa kwa mganga, naye anachimbua kijino ambacho hakijatoka. Chini ya kijino hicho kuna mbegu ya jino la ukubwani. Miaka kumi na kitu baadaye namwona binti ambaye chonge yake haipo, au imetoka na dosari, na meno ya jirani yamelalia pengo. Mara nyingi aliyempeleka kwa mganga ndiye huyo bibi aliyemsindikiza leo. Kumkemea mbele ya mjukuu ni kuifukuza familia nzima. Namwambia, "Bibi, homa ile ilikuwa ya kweli na mlihangaika kumwokoa mtoto," halafu namwonyesha kwenye picha ya eksirei kilichotokea chini ya ufizi. Nimeona mabibi wakitoka hapo wakawa ndio wanaokumbusha tarehe za kliniki, na wakawaonya mabinti zao wanaonyonyesha.

Kuna mambo ambayo siuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, ulikuta zaidi ya sita katika kila kumi wana walau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Mfanyabiashara akiisoma takwimu hiyo ataona soko. Mimi naona kwamba nafasi kati ya meno nayo huhesabiwa humo, na mwanya wa meno ya mbele kwetu ni uzuri unaosifiwa. Msichana mwenye mwanya na ufizi wenye afya simshauri kuuziba. Akitaka mwenyewe tutazungumza.

Upande wa fedha, ratiba ya malipo tunaipanga na mlipaji. Mkulima wa mboga wa Mgeta analipa akivuna, mwanafunzi wa SUA au Mzumbe analipa bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, likitoka, mtumishi mwisho wa mwezi. Malipo ya kwanza lazima yatoshe braketi, nyaya na gundi za mdomo huo mmoja, ili pasiwe na mwezi ambao mtoto anarudishwa nyumbani bila kukazwa kwa sababu ya deni. Familia isipofikia hapo, waya haufungwi. Wanatibiwa yaliyooza, wanafundishwa kupiga mswaki, wanasubiri. Waya uliotelekezwa unadhuru: uchafu unakaa kuzunguka braketi, meno yanaoza, na meno yanaendelea kusukumwa bila msimamizi. Kumwambia mtu mwenye sehemu tu ya fedha za mwanzo "bado" kunaumiza hesabu za mwezi wetu, lakini neno hilo nalisema.

Kesi nzito namwachia mtaalamu wa kupanga meno kutoka Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, anafika Morogoro kwa chini ya saa mbili, kwa hiyo familia haihitaji tena kutafuta nauli ya kwenda huko na pa kulala kila mtoto anapohitaji kukazwa.

Tunapopoteza wengi sasa ni baada ya waya kutoka. Meno yamenyooka, picha zimepigwa, na kishikilio cha kuvaa usiku kinabaki kabatini hadi meno yanaanza kurudi yalikotoka. Gharama ya kishikilio tumeiingiza kwenye bei ya awali, ili kisije kuonekana deni jipya. Na miezi mitatu baada ya kufungua waya, dada wa mapokezi anapiga simu Matombo, anamuuliza mjomba kama mtoto anakivaa.