Nimechukua sura ya baba, si chupa yake

Wasee, kuna jamaa anaitwa Alfred Sturtevant na ningependa mmjue. Mwaka 1911 alikuwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza pale Columbia, New York, hajafika hata miaka 21. Siku moja akipiga gumzo na mwalimu wake, Thomas Hunt Morgan, wazo likamjia. Akaenda nyumbani, akaweka kando kazi ya chuo aliyopewa, akakesha. Alichotoka nacho ni ramani ya kwanza kabisa ya jeni kwenye kromosomu. Sisi tukikesha hivyo huwa ni mpira.

Walikuwa wanafanya kazi na nzi, wale wadogo wanaozunguka ndizi ikiiva kupita kiasi. Unawapanga kwa rangi ya macho, umbo la mbawa na kadhalika. Na hapa nicheke kidogo, kwa sababu Sturtevant mwenyewe alikuwa hatofautishi vizuri nyekundu na kijani.

Sasa alichoraje ramani ya vitu asivyoviona? Fikiria barabara ya Mombasa. Wewe uko Mlolongo, rafiki yako yuko Athi River, mwingine yuko Voi. Lori likianguka popote na kufunga barabara, ni nadra likutenganishe na wa Athi River, maana mko karibu. Lakini wa Voi? Mara nyingi. Sasa chukua mtu hajawahi kuona ramani ya Kenya, mpe tu hesabu za miaka mingi: mji gani ulitenganishwa na upi, mara ngapi. Ataipanga hiyo miji kwa mstari bila kutoka kwa nyumba.

Kromosomu nazo hukatika. Kabla baba akupe yako, ile aliyopewa na mamake na ile aliyopewa na babake hulala sambamba, zinakatika mahali na kubadilishana vipande. Jeni zilizokaa karibu husafiri pamoja, za mbali huachana. Kwa wale nzi, mwili wa manjano na macho meupe viliachana kama mara 1 kwa kila 100. Macho meupe na mbawa ndogo, karibu mara 1 kwa kila 3. Kazi ilichapishwa 1913, na kipimo cha huo umbali leo kinaitwa sentimogani. Yaani aliyekesha ni mwingine, jina ni la mwalimu.

Mbona nawaambia haya? Kwa sababu nina sura ya marehemu baba. Paji la uso, pua, hadi vile natembea. Na baba alikunywa pombe mpaka ikammaliza. Kwa hivyo kwetu watu huniangalia wakisema, "Huyu ni babake mtupu," halafu kimya. Kila mtu anajua hiyo sentensi ilikuwa inaenda wapi. Nikishika soda kwa harusi, kuna shangazi atakuja kuinusa.

Manze, hiyo ni nadharia ya jeni, hata kama shangazi hajui anaitoa. Anasema pua na pombe vimekaa Mlolongo na Athi River. Sturtevant angemuuliza: umehesabu watoto wangapi? Mmoja, mimi. Na hivyo vitu havina hata makao mamoja. Sura hujengwa na jeni nyingi zilizotawanyika kwenye kromosomu tofauti tofauti. Hatari ya ulevi vile vile, kila jeni inasukuma kidogo tu, halafu mtaa unasukuma, pesa inasukuma, msiba na marafiki pia.

Sisemi damu haina neno. Inalo, na hiyo ndiyo sababu mimi niko makini na chupa. Kinachoniuma ni watu kusoma hatari kwenye pua. Dada yangu amechukua sura ya mama, na tangu tukiwa wadogo wanasema eti yeye "aliponea". Lakini amepata nusu ya jeni za baba kama mimi, tena zingine ni vipande ambavyo mimi sikupata. Soda yake haijawahi kunuswa.

Majuzi aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli aliponea. Nikachukua karatasi, nikamchorea barabara ya Mombasa.