Mwinjilisti Aliyesikiliza Maswali

Mwezi uliopita tulimzika Mwinjilisti wetu kwenye kihamba chake, shamba linaloizunguka nyumba yake, huku juu mlimani Kilimanjaro. Wasifu wa marehemu ulisomwa vizuri: alikozaliwa, mitaa aliyoihudumia, watoto, wajukuu na vitukuu. Kijana aliyeketi jirani yangu akaninong'oneza, "Babu, huyu alikuwa mchungaji?" Nikamwambia hapana. "Sasa mbona watu wamejaa hivi?" Jibu lake lilihitaji nafasi kubwa kuliko tuliyokuwa nayo pale kaburini, ndiyo maana naliandika.

Zamani hizo mchungaji alikuwa wa usharika mzima, na mtaani kwetu alifika zaidi siku za Chakula cha Bwana. Aliyeishi nasi ni Mwinjilisti. Alipiga kengele, aliongoza ibada, alifundisha watoto, na usiku wa manane ndiye aliyeamshwa mgonjwa akizidiwa.

Kanisa lilikuwa dogo, la mawe. Msimu wa masika lilinuka masweta yaliyoloa na moshi wa kuni uliokaa kwenye khanga za mama zetu. Siku ya mavuno harufu ya ndizi mbivu ilishinda zote, kwa kuwa mikungu ilipangwa mbele ya madhabahu pamoja na kuku waliofungwa miguu, mayai, miwa na vibuyu vya maziwa. Ibada ikiisha, matarumbeta yalipigwa na mnada ukaanza uwanjani. Wakubwa walipokuwa wakipandishiana bei ya jogoo, sisi watoto tulimfuata Mwinjilisti kwenye kibaraza cha nyuma. Alikuwa akiketi pale, anavua kofia, anasema, "Haya, nani ana swali?"

Nilikuwa na miaka saba au minane. Dada yangu anashikilia kuwa ulikuwa mwaka 1965, alipoanza mafundisho ya kipaimara. Mimi nakumbuka ilikuwa kabla ya hapo. Tuyaache hayo.

Kila Jumapili tulikiri Imani ya Mitume, na kila tulipofika pale Yesu anaposhuka kuzimu, niliwatazama wakubwa usoni nione kama kuna anayeshtuka. Hakuna aliyeshtuka. Nyumbani, Bibi alikuwa amenieleza kwamba baba yake Babu alifariki kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika mlimani mwaka 1893, na kwamba alilala palepale kihambani, mahali palipopandwa masale. Nikaunganisha mambo hayo mawili. "Mwinjilisti," nikauliza, "Yesu aliposhuka kule, alimkuta baba yake Babu?"

Wenzangu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifungua Biblia, ile ya mwaka 1952, akatafuta Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, panapotajwa habari ya Kristo na roho zilizofungwa. Akasoma mara mbili polepole, kisha akatueleza kwa Kichaga. "Mwanangu," akasema, "kama alimkuta, mimi sijui. Ninalojua ni kwamba Mungu alimfahamu mzee wako kabla misheni haijamfahamu. Nenda kamwulize Bibi alikuwa mtu wa namna gani, halafu Jumapili uje utusimulie."

Nikaenda. Bibi akanieleza mzee huyo alivyokuwa mwangalizi wa mfereji wa ukoo, asiyekubali mwenye nguvu achukue maji ya mjane. Jumapili nikasimulia, na Mwinjilisti akasikiliza hadi mwisho kama anayesikiliza ushuhuda.

Ukubwani nilikuja kusoma kwamba Martin Luther mwenyewe, alipoifafanua sura hiyo ya Petro, alikiri kuwa hajui kwa hakika Mtume alimaanisha nini. Nilifurahi mno. Mtu wa kibarazani kwetu alikuwa amesema kweli ileile, bila aibu, mbele ya watoto.

Luther huyo aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kuzuru sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui hata misingi ya imani waliyobatiziwa. Aliipanga kwa maswali na majibu, akamkabidhi mkuu wa kaya aifundishe nyumbani mwake. Wapo walimu waliotukaririsha kitabu hicho kwa fimbo. Mwinjilisti alikuwa ameuona mpango wake: swali hutangulia.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Mtaa ukawa usharika, kanisa likapanuliwa, vikaja vipaza sauti na kwaya zenye sare. Namshukuru Mungu kwa mengi ya hayo. Linaloniudhi ni shule ya Jumapili: watoto wamesongamana chumbani na mwalimu mmoja, wanaimba, wanapaka picha rangi, wanapewa biskuti, basi. Mjukuu wangu aliuliza kwa nini Mungu alimwacha rafiki yake afe kwa homa. Akaambiwa mtoto mzuri haulizi hivyo. Alipolirudia swali hilo nyumbani, akapewa simu achezee. Jambo hilo limeniuma kuliko ninavyoweza kueleza, maana mtoto huyo alikuwa anaomboleza, na hakupata mtu wa kuketi naye.

Wazazi wenzangu, tusiwatupie walimu mzigo wote. Mkuu wa kaya aliyepewa kazi ile ni mimi na wewe. Mtoto anayeuliza juu ya Mungu amesikiliza ibada kuliko wengi wetu. Ukiwa na jibu, mpe. Usipokuwa nalo, mwambie wazi kwamba huna, ufungue Biblia, mlitafute pamoja.