Mstari wa Barabara Wakati wa Vumbi

Mstari mweupe juu ya lami ni neno fupi lenye maana nzito. Humwambia dereva upande wake ni upi na ukingo wa njia ni wapi. Lakini neno lisilosomeka ni sawa na neno lisiloandikwa.

Katika nchi za baridi kali, kama Uswidi na Norwe, theluji huufunika mstari huo. Kwa hiyo watu wa huko husimamisha fito ndefu kando ya barabara, njia ipate kujulikana hata uso wake ukizikwa. Sisi wa Ihanja hatuna theluji. Kipupwe chetu huja na upepo mkavu na vumbi, na baadaye mvua huleta maji na tope. Kifuniko ni kingine, hatari ni ile ile.

Mara nyingi nimesafiri usiku kutoka Dodoma kwenda kwetu, kupitia Manyoni na Ikungi, nikiutazama mstari ukionekana na kupotea. Mstari hauna nuru yake wenyewe. Juu ya rangi hunyunyizwa chembe ndogo za kioo, nazo hurudisha mwanga wa taa za gari machoni mwa dereva. Zikifunikwa na vumbi, mwanga hauzifikii. Zikizama majini, mwanga huteleza kwenda mbele, na mstari hutoweka wakati unapohitajiwa zaidi.

Katika miaka ya 1930 Mwingereza Percy Shaw alivumbua macho ya kioo yaliyotiwa ndani ya mpira na kuinuka kidogo juu ya barabara. Gurudumu likiyakanyaga, hushuka na kupanguswa. Humo mna fundisho kwetu: alama njema huinuka juu ya kile kinachoifunika, tena husafishwa.

Basi yafaa mistari ipakwe upya kabla haijafifia, udongo uletwao na magari kutoka njia za vumbi uondolewe juu ya lami, na nguzo fupi zirudishazo mwanga zisimamishwe penye kona na madaraja.

Siwasemei madereva peke yao. Namfikiria mama arudiye mnadani kwa miguu jioni, mzigo kichwani. Hana taa wala honi. Mstari wa ukingo ndio mpaka pekee kati yake na lori. Kuupaka mstari huo ni gharama. Kuuacha ufutike ni gharama kubwa zaidi, nayo hulipwa na asiyekuwamo garini.