TOKA UKUTANE NAO LANGONI

Leo nakuandikia jambo ambalo limenilemea moyoni kwa muda mrefu.

Mwaka jana nilialikwa na Wakenya wenzetu walioko Uingereza. Siku moja ndugu aliyenikaribisha alinipeleka kijiji cha Chiddingfold, kule Surrey, kuona kanisa la zamani la Mtakatifu Maria. Kuingia uwanja wa kanisa unapita lango lenye paa lake, na katikati pana mahali palipoinuka. Nikauliza kama watu hukaa pale kungoja ibada. Akanijibu, "Hapana, Pasta. Hapo palikuwa pa kuweka jeneza."

Vijiji vingi kule vina lango la namna hiyo. Makaburi yanazunguka kanisa, na ukuta wa mawe au ua unayazunguka makaburi ili mifugo isiingie. Jina la lango lenyewe lina ndani yake neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya maiti. Waliobeba jeneza walilitua pale, wakapumzika chini ya paa. Kasisi hakuwangojea madhabahuni. Kitabu cha ibada cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilimwagiza akutane na maiti kwenye kiingilio cha uwanja, na aanze na maneno ya Yesu katika Yohana 11:25.

Nilikumbuka Luka 7. Yesu alikutana wapi na yule mjane wa Naini? Karibu na lango la mji, jeneza likitolewa. Hakumuuliza kijana alikufaje. Alimwonea mama huruma, akaligusa jeneza.

Lakini mpendwa, si kila mtu alipokelewa kwenye malango yale. Kitabu cha ibada cha 1662 kilikataza ibada ya mazishi kwa aliyekufa bila ubatizo, aliyetengwa na kanisa, au aliyejitoa uhai. Aliyejitoa uhai aliweza kuzikwa njia panda, hadi sheria ya 1823 ilipomruhusu azikwe ndani ya ukuta. Hata hivyo ilikuwa ni usiku, kati ya saa tatu na saa sita, bila ibada.

Niliposikia hayo nilinyamaza. Miaka michache iliyopita mama mmoja, mshirika wetu, alinijia akilia. Mwanawe alikuwa amejitoa uhai. Nilimwambia kanisa halizikangi mtu wa namna hiyo. Siku ya mazishi nilibaki nyumbani. Mjomba wa kijana ndiye aliyeomba kaburini. Sikujenga ukuta wa mawe, lakini nilimfungia mama yule nje.

Hukumu ya kijana ni ya Mungu, si yangu. Kazi yangu ilikuwa kutoka nikutane na mamake.

Niliporudi Kenya nilienda kwake nikamwomba msamaha. Alinipa chai, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Pasta, siku ile nilikuwa naangalia barabara, nikidhani utakuja." Halafu akanipeleka kaburini tukaomba pamoja. Hajarudi kanisani, na simlaumu.

Wiki hii kuna nyumba mtaani kwako yenye msiba ambao watu wanausema kwa kunong'ona. Usingoje waje kanisani. Usiulize alikufaje. Nenda, kaa nao. Waebrania 13:12 inatukumbusha kwamba Yesu mwenyewe aliteswa nje ya lango. Ukienda kwa walio nje, utamkuta huko.

Na kama ni wewe umelemewa hata unaona heri usiwepo, tafadhali usikae na hilo peke yako. Mwambie mtu leo. Nipigie, hata kama ni saa nane usiku. Nitakuja.

Baba, utusamehe kwa wote tuliowafungia. Utupe miguu ya kutoka nje. Katika jina la Yesu, Amina.