Mchukuzi wa Utumboni

Msomaji kijana, kila seli ya mwili wako imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Mafuta na maji hayapatani. Kwa hiyo chumvi na sukari, ambazo huyeyuka majini, haziwezi kuupenya utando huo zenyewe. Huvushwa na protini. Ziko protini zilizoegemea uso wa utando tu, na ziko zilizoupenya toka nje hata ndani. Miongoni mwa hizi za pili, baadhi ni mifereji na baadhi ni wachukuzi.

Nakusihi tumtazame mchukuzi mmoja, maana huenda amepata kukuokoa. Makao yake ni utumbo mdogo, na wataalamu humwita SGLT1. Ni mnyororo mmoja wa amino asidi 664, uliokunjwa ukaupenya utando mara 14, kama uzi wa mshonaji upitavyo katika kitambaa. Sehemu zilizo ndani ya mafuta zimejisokota mithili ya springi. Hupokea chembe mbili za sodiamu, itokayo katika chumvi, pamoja na moja ya glukosi. Ndipo hugeuka akautua mzigo ndani, na maji yakafuata. Chumvi ikija peke yake, mzigo hauendi.

Msichana mmoja darasani aliniuliza sukari ina kazi gani katika maji ya mgonjwa wa kuhara. Nyumbani alikuwa akimwuguza mdogo wake, na nyanya yake alishikilia kwamba sukari ni ya chai. Lilikuwa swali la haki, tena la haraka. Sumu ya kipindupindu hufungua mifereji mingine ya utando, maji ya mwili yakamwagika. Lakini mchukuzi wetu haimdhuru. Yeye yupo, angoja sukari.

Mwaka 1960 Robert Crane alieleza jinsi glukosi na sodiamu zisafirivyo pamoja. Mwaka 1971 wakimbizi waliofika Bangaon, India, walishikwa na kipindupindu. Maji ya kutia mishipani yakawa haba, naye daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4.

Pakiti ya zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, vipimo ni hivi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Usizidishe sukari kwa huruma. Ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini, na mtoto huzidi kuhara.